Niwashie Ikiwa Baridi

Milioni tatu na laki nne nilizihesabu mara mbili,
noti zinanuka moshi wa samaki,
nikazifunga ndani ya kitenge
nikamwambia mwanangu Giramia: usiseme neno.
Mdomo wa kijana hupandisha bei.

Duka la kwanza, pale juu ya mwalo wa Wanseko,
injini ilisimama kama bwana harusi,
nailoni bado shingoni.
“Farasi arobaini, mama!”
Farasi! Mimi nimezaliwa hapa.
Nimeona kiboko akila mihogo ya shangazi,
nimeona tembo akivuka barabara bila haraka,
farasi sijamwona ila kwenye vitabu vya watoto.
Nikauliza: hao arobaini wanakula nini?
Akanitajia lita. Nikapiga hesabu kwa vidole,
kutoka hapa hadi kwenye nyavu, na kurudi,
na siku ambayo nyavu hazina kitu,
maana siku hiyo ipo, na petroli yake ni ileile.
Kipya kinyemi. Nikakishika bega, nikakiaga.

Kesho yake, saa moja asubuhi, Kabagambe
alitupokea kwa soda.
Mashine yake iliwaka kwa mvuto mmoja,
kamba haikunyooka hata,
wapita njia wakapiga makofi.
Giramia alinikanyaga mguu kwa furaha.
Lakini mimi nilikuwa nimeegemeza mkono kwenye kifuniko
kabla kamba haijaguswa,
nacho kilikuwa na joto,
joto la chungu kilichoepuliwa mgeni akibisha hodi.
Umande ulikuwa bado kwenye nyasi.
Nani aliipasha, na kwa nini?
Nikamaliza soda. Soda haina kosa.

Ya tatu ililala chini ya turubai kwa Oyirwoth fundi.
Kumi na tano tu. Rangi imebabuka,
ubavuni jina la mtumbwi wa zamani
limekwanguliwa nusu kwa kisu.
Akasema kabla sijauliza:
“Gia ya kurudi nyuma hugoma siku nyingine.
Na propela ililiwa na jiwe kule Panyimur,
nimeinyoosha kwa nyundo.”
Nikamwambia: iache ilale. Nitakuja alfajiri.
Usiiguse.

Usiku nilikumbuka ile injini ya kuazima
iliyozima katikati ya ziwa,
upepo unashuka kutoka milima ya Kongo,
watu wanne na plagi moja iliyolowa
wakipokezana kuipuliza kama mtoto aliyepaliwa.
Giramia alikuwa mmoja wao.
Walirudi siku ya tatu, kwa hisani ya watu wa Mahagi.
Yeye amesahau. Ndiyo kazi ya ujana.

Alfajiri, injini imefungwa kwenye pipa la maji.
Nikaweka kiganja: baridi, kama tumbo la chura.
Mvuto wa kwanza, kimya.
Wa pili, kimya.
Wa tatu ikakohoa, ikatema moshi, ikanyamaza,
Giramia akageuza uso kwa aibu.
Wa nne ikashika.
Uzi mwembamba wa maji ukatoka ubavuni,
ikakojoa kama mvulana asiyejali nani anamwona,
bila kukatika.
Nikatia kidole: vuguvugu.
Ilipozimwa nikaomba tufungue mafuta ya gia.
Yalikuwa meusi, mazito. Hayakuwa chai ya maziwa.

“Ikiharibika?”
“Plagi zipo kila duka. Pini nachonga mwenyewe.
Na mimi nalala hapa, nyuma ya mlango huu.”
Mlango wenyewe wa mabati, umeandikwa madeni ya watu kwa chaki.
Nikalipia ule mlango,
na injini juu yake.

Tukiibeba kushuka mwaloni, mwanangu akasema,
“Sasa makasia tuyauze, mama?”
Sikumjibu.
Yako chini ya ubao wa pili,
nimeyafunga kwa fundo
ninaloweza kulifungua gizani.