Barafu ya Ubuyu

Bega langu la kulia lilianza kwa kunong'ona,
Jumanne, mazoezini, kwenye vumbi nyuma ya shule,
Mtoni, pale wavu umefungwa kwa kamba ya katani
na upande mmoja hulegea kila ukiguswa.
Nilipiga smashi ya arobaini, au ya hamsini,
nani anahesabu,
na kitu ndani ya bega kikasema: ee, dada.
Nikajifanya sijasikia.

Mechi zilikuwa zimebaki nne.
Siwema yuko benchi, kamba za viatu zimefungwa tayari,
Siwema wa kidato cha pili, mrefu kama deni,
anautazama mkono wangu kuliko anavyoutazama mpira.

Nikajifunza ujanja. Kuchana nywele kwa kushoto.
Kuvaa shati kwa kuanza na mkono mbovu.
Kunyoosha mkono darasani nusu, kiwiko mezani,
mpaka Mwalimu Kisinda akauliza kama jibu langu nalo ni nusu.
Kulala ubavu wa kushoto,
na usiku nikijisahau nikageukia kulia
naamka nimeng'ata shuka.
Mdogo wangu Hidaya anauliza, unaota nini?
Fainali, namwambia.

"Jikazeni kisabuni," alisema kocha,
alitwambia wote, kwa sababu ya jua.
Nikajikaza. Lakini sabuni mimi naijua,
nimefua nayo tangu darasa la tatu:
hujikaza huku inaisha.

Nyumbani friji ni ya biashara.
Mama anafunga barafu za ubuyu, za shilingi mia,
vifuko vyembamba vimelala kama vidole vyekundu.
Watu wakishalala nachukua vitatu,
navipanga begani chini ya kanga,
nakaa gizani juu ya ndoo iliyopinduliwa,
friji inanguruma, mimi nimenyamaza.
Nikimaliza navirudisha. Vinaganda tena, vimepinda.
Mteja mmoja alilalamika. Mama akalaumu umeme.

Mpaka usiku wa kuamkia mechi na Mbagala
usingizi ukanichukua nimeshavaa jezi
na kifuko kimoja kikapasuka.
Saa kumi na moja alfajiri Mama akawasha taa,
akaona wekundu kutoka shingoni hadi kwapani,
akapiga ukelele ulioamsha nyumba nzima ya wapangaji.
Baba Nasra alitoka na panga.

Mama akagusa, akanusa, akalamba kidole.
Ubuyu.
Halafu akabonyeza bega, polepole, mahali penyewe,
na safari hii ukelele ulikuwa wangu.
"Tangu lini?"
Nikapandisha mabega, kumwambia sijui.
Lilipanda moja.

Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini, Nsia,
hakusema niache. Hilo ndilo nililoliogopa.
Alisema wiki tatu.
Nikahesabu mechi, nikazihesabu tena
kwa vidole vya kushoto, jibu likawa lile lile.
Akanipa kipande cha tyubu ya baiskeli:
fundo moja kwenye nondo ya dirisha,
kanga iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, isidondoke,
vuta, rudisha taratibu, mara kumi na tano.
Mazoezi ya kitoto. Hayana filimbi, hayana vumbi.
Kufika ya tisa natetemeka kama kuku aliyelowa.

Na Mbagala walitufunga, seti tatu kwa moja.
Siwema alipiga sita nje na mmoja ndani.
Ule mmoja, nilisimama nikashangilia kwa mkono wa kushoto,
nikachukia kidogo,
nikashangilia tena.

Jana nilianika jezi. Namba tisa, doa bado lipo.
Mama anasema la ubuyu halitoki, nisimalize sabuni.
Kamba ya chini ilijaa nepi za mdogo wake Nasra.
Nikajaribu ya juu.
Mkono ukapanda, ukalipita sikio,
ukafika mahali, ukauliza.
Nikasubiri kidogo hapo, jezi inanidondokea maji usoni.
"Hidaya," nikaita, "leta stuli."