Ishirini na Nane

Mwezi ukijaa, mitumbwi ya dagaa hulala, nami ndipo hufungua daftari.

Mimi ni karani wa mwalo hapa Igombe: naandika ndoo, mafuta, madeni ya karabai.
Shule niliiachia kidato cha pili; iliyonifukuza ni ada, si hesabu.

Mwalimu Lugwisha aliiandika ubaoni, 28, akasema: ivueni nguo.
Tukatafuta zinazoigawa bila baki: moja, mbili, nne, saba, kumi na nne.
Jumlisheni. Tukajumlisha. Ikarudi ileile, haikupungua hata chembe.
"Hii ni timilifu," alisema, akapangusa chaki kwenye suruali. "Imegawa vyote, na vyote vimerudi."

Tangu siku hiyo naikuta kila kona, kama mdeni anayenikwepa sokoni.
Dhumna za kibandani kwa Kwilasa ni ishirini na nane; ulipozuka ugomvi zikawa ishirini na saba,
tano-mbili ikapatikana chini ya paja la mzee wa kanisa.
Meno ya Nyamizi, binti wa dada yangu: kumi na nne juu, kumi na nne chini, magego ya mwisho bado yako njiani.
Panga vizibo vya soda mchangani, kimoja, viwili, vitatu, hadi safu ya saba: pembetatu, hakuna pengo.
Chukua namba tano za mwanzo zilizo tasa, mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, uzikalishe pamoja: zinaizaa.
Tasa. Mwalimu alilitamka neno hilo kwa upole; mama mkwe hulitamka akiwa amegeukia jikoni.

Watu husema mwezi nao ni ishirini na nane. Uongo. Nimeuhesabu,
giza la dagaa hadi giza la dagaa: ishirini na tisa na kipande cha usiku.
Anayetimiza ishirini na nane bila kukosea ni mimi.
Nyuma ya daftari, kwenye kurasa asizokagua tajiri wa mitumbwi,
kuna alama za kalamu nyekundu: wiki nne, alama; wiki nne, alama; miaka sita.
Mgawanyo usiobakiza kitu.
Mume wangu Ngollo huuliza kwa macho tu, kisha hujifanya anatafuta kiberiti.
Nimechoka na utimilifu. Nataka hesabu yenye baki,
kitu kimoja kilichokataa kuingia, kinachobaki mkononi ukishagawa.
Jana ilikuwa ya ishirini na nane. Leo mwezi mpevu umekaa juu ya mawe,
vichanja vitupu, wavuvi wanashona nyavu kwa mwanga wa bure, mtu anagonga dhumna mezani,
nami nimeshika kalamu nyekundu, wino haujagusa karatasi.
Sijamwambia mtu.
Ishirini na tisa. Nayo, shuleni, huitwa tasa.