Jumapili Bila Ubao

Ubao haupo mezani.
Nimefika Modena na ukungu mabegani,
nikamkuta mama Nerina akikanda juu ya meza tupu
unga wa manjano, wa mahindi na mchele,
na mayai sita yamo bado kapuni, mazima.

Sikuuliza. Mimi nina yangu.
Tangu Januari nahesabu wanga.
Mizani yangu ya betri hunikodolea macho
kama karani wa mahakama;
kilo saba zimekwenda, mkanda umehama matundu mawili,
na mkate naukwepa njiani kama mdai.

Dada Morena hali yai. Kuku, asema, hakuombwa ruhusa.
Shemeji Ivo ni mkimbiaji: usiku wa kuamkia mbio
hufagia bakuli mbili za tambi tupu, bila mchuzi,
kama anayejaza tangi.
Shangazi Oriele hufunga hadi saa saba mchana,
si kwa dini, kwa saa ya ukutani;
ikipita dakika moja, usikae karibu na sahani yake.

Mama hutuacha tuseme. Kisha:
"Baada ya vita, yai lilikuwa la kuuzwa.
Tambi zetu unga na maji, basi.
Hatukuziita mlo maalumu. Tuliziita ukata."
Hucheka hadi miwani iteleze.

Kwa Mirta hacheki.
Mirta wa Morena, miaka tisa,
ambaye ngano kwake si kanuni, ni kisu:
vumbi lake tu, na siku tatu yuko kitandani amejikunja.
Krismasi mama aliusugua ubao kwa chumvi, kwa siki,
kwa maji ya moto hadi vidole vikababuka,
na mtoto akaugua vilevile.
Ubao wa harusi yake. Nyufa zimemeza
unga wa miaka hamsini na nane;
nani ataukung'uta muda wote huo?

Leo sufuria ni moja.
Mirta anachota bakulini mwa wote, kwa mkono wake mwenyewe,
na haulizi kitu.
Morena anaongeza. Ivo anaongeza.
Oriele anaitazama saa, anaitazama, saba!
Tambi zinakatikakatika, hazishiki uma,
mama anazisonyea chinichini,
nami nimebaki na majani yangu
kama mbuzi aliyealikwa harusini.

Usiku, wote wamelala, nikashuka kutafuta maji.
Ubao nikauona gerejini, nyuma ya baiskeli ya marehemu baba,
umefunikwa shuka safi, lililopigwa pasi.

Nikarudi jikoni. Sufuriani mna mabaki,
yamepoa, yameshikamana.
Nikala nimesimama, kwa vidole,
gizani,
na sijui ni gramu ngapi.