Safu ya Tano

Kwenye daftari la lango la msitu wa Pugu
safu ya kwanza ni jina, ya pili utokako,
ya tatu saa, ya nne simu,
ya tano: dhumuni la kuja.

Sikudhani, binti wa dada yangu, akaandika "utafiti, popo",
kwa mwandiko wa mtu asiyewahi kuulizwa mara mbili.
Mimi kalamu ikaniganda.
Bwana Kondo, askari wa misitu, akanionea huruma:
"Weka kistari tu, mzee. Wengi huweka kistari."

Tukapanda. Jumamosi, jua la saa tatu,
ndege za abiria zikishuka juu ya vichwa vyetu
magurudumu nje, matumbo wazi,
kama kuku waliochungulia ua na kuuamini.
Sikudhani akanionyesha sange, pua ndefu
ikipekua majani makavu, karani anayetafuta faili.
Akanionyesha mkongo, mtondoo,
akaniokotea bungo lililoiva;
nikanyonya, ugwadu ukanifumba jicho moja.

Miaka arobaini na miwili nimekaa Gongo la Mboto,
vilima hivi nikivitazama kila asubuhi, mswaki mdomoni,
sikuwahi kuvipigia hata hodi.

Si kweli.
Nilivijua kwa upande wa pili.

Maana msitu hukatika ghafla.
Hakuna kichaka cha kuagana, hakuna nyasi za kupunguza mwendo.
Mti wa mwisho, halafu weupe:
udongo wa kaolini, mtupu, unachoma macho,
kuta zilizochongwa ngazi ngazi kwa sururu,
jangwa dogo la kutengenezwa kwa mikono
na mikono miwili ilikuwa ya baba.

Pazi bin Kibwana, namba kumi na saba, zamu ya usiku.
Alirudi alfajiri mweupe hadi kope,
nasi watoto tukikimbilia uvunguni, zimwi kaja! zimwi kaja!
naye anacheka, anakohoa,
anacheka, anakohoa,
mpaka mwaka ule alipobaki na kimoja.

Nikasimama pale mpakani,
mguu wa kulia kwenye majani, wa kushoto kwenye weupe.
Wa kulia ulihisi unyevu. Wa kushoto uliungua.
Sikujua niuhamishe upi.

Sikudhani hakusimama. Taa kichwani, kitambaa puani,
akainama akaingia kwenye shimo
kuhesabu wanaolala humo siku hizi.
Babu yake hakumwona hata kwa picha;
picha moja tuliyokuwa nayo ililiwa na mchwa.

Akatoka baada ya saa nzima.
Vumbi hadi kope.
Nilitaka kukimbia, wallahi, na umri huu,
ila jangwani hakuna uvungu.

"Zaidi ya elfu nane, mjomba. Na wana watoto.
Wamependa chumba cha ndani kabisa, kule mwisho
mtu alipochimba peke yake."
Nikamfuta uso kwa kanzu. Sikukohoa, sikusema.

Langoni tukapewa daftari tena, saa ya kutoka.
Nikakiona kistari changu, kifupi, kimelala.
Nikaandika juu yake, taratibu, kalamu ikikwaruza:
"kazini kwa baba".

Bwana Kondo akasoma. Akafunga daftari,
akalifungia droo.
"Kesho Jumapili hatufungui, mzee," akasema.
"Jumatatu, saa moja kamili."