Theluthi Yangu

Tuliinunua watu watatu, mwaka ngano ilipotulipa vizuri:
Orest Hnatiuk, Delphine Arcand, na mimi.
Viti vinne, injini moja, rangi ya maziwa yaliyochacha,
umri wake umetupita sote isipokuwa Orest.

Mwanasheria aliandika kurasa kumi na moja:
nani alipe bima, nani alipe banda,
nani akigusa uzio kwa ncha ya bawa
aseme kabla jua halijatua.
Hakuandika nani mwenye bawa la kushoto.
Ndege haigawanyiki kama nyama ya shughuli.
Ikianguka, inaanguka yote.

Orest ndiye aliyenifundisha kuanzia chini.
Kila tangi, kila asubuhi, na kikombe chake cha plastiki:
anakinga mafuta kidogo, anakiinua kwenye mwanga.
Buluu tupu, tunaondoka.
Ushanga usio na rangi ukitulia chini, hayo ni maji.
"Maji hayana haraka," husema.
"Yanasubiri upae."

Machi, ukaguzi wa mwaka.
Saskatchewan yote nyeupe bado, mlango wa banda umegandia kwenye barafu.
Fundi Tiessen alifungua kifuniko cha injini,
akaingiza tochi, kisha kichwa,
akaniita kwa kidole.
Kwenye bomba la moshi, pale hita inapochota joto lake,
palikuwa na ufa.
Mwembamba, unywele wa kitoto kichanga.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tuambiwavyo.
Huu hauna ukuta wa kujengwa.
Hewa isiyo na harufu inapanda miguuni pamoja na joto,
unasinzia, unaona kila kitu kiko sawa,
na nchi hii tambarare inakungoja popote.

Ndipo tukayakumbuka maumivu ya kichwa ya Januari.
Delphine alidhani ni kahawa.
Mimi nilidhani ni benki.
Orest alikwenda kutazama kadi iliyobandikwa karibu na dira,
ile inayogeuka nyeusi hewa ikichafuka.
Ilikuwa safi kabisa.
Ilikuwa imekwisha muda wake miaka miwili nyuma.

Nani alipaswa kuibadilisha?
Ukurasa wa saba, kifungu cha nne: *wamiliki wote.*
Yaani hakuna mtu.

Bomba jipya tulilipa kwa tatu.
Delphine aliuza kinanda, hakutuambia hadi Agosti.

Juni ilikuja barua ya daktari wa marubani.
Moyo wa Orest unaruka mapigo;
cheti hakitahuishwa.
Aliisoma amesimama, akaikunja mara nne,
akauliza kama theluthi ya mtu asiyerusha inapungua bei.

Kiwanja chetu ni nyasi na soksi ya upepo.
Hakuna mnara, hakuna askari, na paka wa Tiessen hana wa kumwambia.
Nilimwambia hivyo, nikidhani namfariji:
nani angejua?
Alinitazama kama aliyeona ushanga kwenye kikombe.

Jumapili alikuja mapema kuliko mimi.
Nilikuwa na haraka, upepo wa magharibi ulikuwa unaamka,
nikakinga tangi la kushoto, nikaona buluu, nikafungua mlango.
Nilipogeuka alikuwa amechuchumaa chini ya bawa la kulia,
goti moja kwenye umande, kikombe juu.
Hakusema neno.
Alinipa nishike.
Ilikuwa buluu.
Bado masikio yangu yaliwaka moto.

Akapanda upande wa abiria, mikono juu ya mapaja,
ile mikono isiyojua kukaa bure.
Kabla sijawasha injini, akatoa mfukoni kadi mpya,
akabandua ganda la nyuma kwa ukucha,
akaibandika pale pale pa zamani.
Akaandika tarehe kwa wino.
Akafikiri.
Chini ya tarehe,
akaandika jina langu.