Kiti cha Kushoto

Miaka ishirini na sita nimeshika usukani,
Mombasa, Malaba, Kampala, hadi Bunia kwenye matope,
na Kiswahili changu chote nimekiokota njiani:
kwenye mizani, kwenye foleni ya mpaka,
chini ya lori nikikaza nati.
Leo, Fort Portal, saa mbili asubuhi,
wananiketisha kushoto.

Mbele yangu hapana duara la kushika.
Kuna kijidroo cha karatasi,
na chini, mguuni, breki ya pili,
chuma kipya kinachong'aa kama jino la bandia.
"Hiyo ni ya siku mbaya," asema mtahini.
"Kazi yako ni mdomo."

Jina lake Kabahinda. Ningeweza kumzaa.
Kwanza ameniuliza empaako, nikajibu Adyeri,
akaniamkia kwa jina hilo, kwa heshima zote,
kisha akafunga mkanda, akaacha kuwa mtahini.
Sasa yeye ni mwanafunzi, hajui kitu,
na anayetafuta cheti cha ualimu ni mimi.

Kweli hajui kitu!
Klachi anaikanyaga kama anaua mende.
Tunatoka getini kwa kuchupa kama chura.
Kwenye daraja la Mpanga bodaboda inachomoka
na mikungu mitatu ya matoke,
yeye macho yako mlimani, theluji imeonekana leo,
na mkono wangu, wenyewe, bila kuniomba ruhusa,
ukaruka, ukadaka usukani.

Akaegesha pembeni. Akaandika.
"Adyeri, umeniokoa. Asante.
Kesho nikiwa peke yangu,
mkono wako utakuwa wapi?"

Kwenye fomu ya maombi, swali la saba:
Umewahi kumfundisha mtu kuendesha?
Nilijibu hapana. Wino wa bluu. Sikusita.

Baluku alikuwa utingo wangu miaka minne.
Akikosea gia, kofi.
Akichelewa kuweka jiwe nyuma ya tairi, kofi.
Sikumbuki siku niliyomwambia neno
lenye "kwa sababu" ndani yake.
Alisomea shavuni.
Na mteremko ukifika nilitoa gia, nikaliacha lori lijiendee,
tani ishirini na nane zikiteleza kimya,
dizeli iliyobaki tukamuuzia mama mmoja wa Kyenjojo,
tukala nyama.
Hilo pia alijifunza. Hilo alilishika kuliko yote,
maana hilo nilimwonyesha nikicheka.

Sitasema mteremko upi.
Wanaopita pale wanaujua:
vyuma vya pembeni ni vipya,
na nyasi hazijarudi zote.

"Tena," akasema Kabahinda.
Kilima cha kwenda Boma. Akasimama katikati,
akaiachia breki makusudi, gari likaanza kurudi nyuma,
na nyuma yetu mwanamke na baiskeli ya maziwa.
Niliikalia mikono yangu. Hivyo hasa:
kila mmoja chini ya paja lake.
Nikasema, breki ya mkono. Vuta. Vizuri.
Nikasema, sasa inua klachi polepole,
sikiliza, injini itashusha sauti,
hapo ndipo gari linakuambia liko tayari,
usiliachie kabla, kwa sababu

na neno hilo likakwama
kama mwiba wa ngege kooni.
Yeye akasubiri. Baiskeli ikasubiri.

kwa sababu lina uzito, na uzito hauna rafiki.

Tukapanda.

Ofisini mhuri ulikuwa tayari umelowa.
Nikamwomba anirudishie fomu, nikamwomba na kalamu.
Swali la saba. Nikakata hapana,
juu yake nikaandika: Mmoja.

Kabahinda akasoma. Alama za asubuhi
zilikuwa pale kando yake, zimejumlishwa, zinatosha.
Akainua macho, akaniita Adyeri, taratibu,
mhuri mkononi, bado haujagusa karatasi,
akauliza,
"Yeye ulimfundisha nini?"