Kilo za Haki

Miaka thelathini na moja nilipima pamba ya watu
kiwandani Gonbad, kaskazini, nyika inakoanzia.
Waliinyunyizia maji, nikajua kwa kiganja.
Wakafutika mawe katikati ya gunia, nikayasikia.
Wengine walikuja na mbinu ya kidole gumba cha mguu
kikikanyaga ukingo wa mizani, eti bahati mbaya;
nilitazama viatu kwanza, nyuso baadaye.
Annaberdi hapitwi, walisema. Hawakusema kwa mapenzi.

Sasa napimwa mimi.
Kila Ijumaa, kabla ya chai, juu ya mizani ya kioo bafuni,
Ogulnabat ameinama, miwani puani.
Themanini na mbili kabla ya kisu.
Sabini. Sitini na tatu.
Juzi hamsini na nne.
Nauliza: robota hizo zote zimesafirishwa wapi,
na stakabadhi alitia sahihi nani?

Walilikata umio lenye saratani, wakalivuta tumbo juu,
likapangishwa kifuani, chumba kimoja na moyo.
Si majirani wema. Nikila vijiko sita vya wali
moyo unagonga ukuta: nani huyo usiku huu?
Selbi, mjukuu, alinilisha kipande cha halua kwa mkono wake.
Nilikila. Ungekataaje?
Robo saa baadaye nilikuwa sakafuni, natota jasho,
naye amesimama mlangoni, kaificha sahani mgongoni.

Mgonjwa haulizwi uji, lakini mimi naulizwa
saa mbili, saa nne, saa sita, tena na tena;
nikisikia mwiko sufuriani nimeshashiba.
Haba na haba, wananiambia.
Kibaba changu kimekuwa kikombe cha kahawa.

Na presha? Zamani ilikuwa ya kupanda.
Nilimeza tembe mbili asubuhi kama mtu anayelipa kodi,
nikaendelea kulipa hata nyumba ilipobomoka nusu,
mpaka alfajiri ile nilipoinuka kwa ajili ya swala,
giza likaja kutoka pembeni,
nikaliamkia zulia kwa paji la uso.
Ua jekundu alilolifuma mama yake Ogulnabat
lilibaki limechapwa juu ya nyusi hadi adhuhuri.

Daktari Forughi, kule Gorgan, alisoma majina ya tembe.
"Hizi aliandikiwa mtu wa kilo themanini na mbili," akasema.
"Yule hayupo. Tusimtibu."
Akazifuta kwa kalamu.
Nililia garini, na si kwa hofu.
Ndiyo kwanza nipewe tanzia yake.

Nimejifunza kuamka kwa awamu.
Kwanza ubavu. Kisha miguu chini, nahesabu mpaka thelathini,
nakunja vidole, nakunjua. Ndipo ukuta. Ndipo mimi.
Upande wa kichwa, kitanda kimeinuliwa kwa matofali;
nalala mteremkoni kama gari lenye betri mbovu.
Chai yetu ya kijani, ile tuliyoinywa ikifoka mvuke
tukamcheka anayepuliza,
naipuliza.

Ijumaa hii nilipanda tena kwenye kioo.
"Hamsini na tano," akasema. "Na nusu!"
Nikatazama chini, mazoea hayafi:
kidole gumba cha mke wangu, kucha yenye hina,
kimetua ukingoni, kimetulia tuli.

Miaka thelathini na moja.

"Andika," nikamwambia.